Kumwombea Aliye Hai

Jumatatu, 4 Machi

Hujambo, daftari langu? Umeshindaje huko chini ya mashuka? Afya yako naiona — kona moja panya kaionja, lakini wino bado unaushika. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Goti tu linalalamika, nalo nimelizoea kama mpangaji asiyetaka kuhama. Samahani kwa kimya changu. Si kwamba hakukuwa na mambo, ni kwamba hakukuwa na la kucheka. Leo lipo!

Kaja mteja dukani. Dada wa rika la binti yangu, suruali ya mifuko mingi, sauti imekauka kama mtu aliyeshinda akiita ng'ombe ng'ambo ya mto. Anataka viti vyangu vyeupe vyote na hema kubwa, siku mbili. Nikamuuliza kama ninavyouliza wote: harusi au msiba? Akasema msiba. Nikampa pole, nikamshika na mkono, nikauliza marehemu ni nani wake.

"Bado hajafika, mama. Yuko kwenye basi."

Nikakaa chini.

Kumbe ni watu wa filamu! Yeye ndiye mwongozaji, yaani ndiye anayewaambia wenzake wote wafanye nini na wakae wapi. Msiba ni wa kuigiza. Jeneza la kweli, maiti mwigizaji. Alipoona nimeduwaa akacheka mpaka akashika meza yangu. Nami nikacheka. Nimekubali. Viti vyangu vimeshakaliwa na maharusi, wafiwa na wagombea wa uchaguzi, sijaona hata kimoja kikichagua.

Jumanne, 5 Machi

Nimechoka lakini lazima niandike, vinginevyo nitapasuka.

Nyumba waliyokodi iko nyuma ya karakana ya magari. Ua mpana, lango la chuma lililopauka rangi, nyaya chini kila mahali kama mtu kamwaga tambi. Nikapanga viti nijuavyo: mistari imenyooka, katikati njia ya kupitisha jeneza bila kugonga magoti ya watu. Nikarudi nyuma nikatazama. Safi! Mwongozaji akaja, akavipiga teke viwili vitatu, akavigeuza vingine. Ati wafiwa hawakai kama wanajeshi. Mteja ni mteja.

Wakapiga picha upande mmoja mpaka jua likapanda, halafu wakaenda kunywa chai. Nimebaki mimi na viti vyangu, vimekaa kombo mbele ya macho yangu kabisa. Mkono ukaniwasha. Nikavinyoosha. Vyote!

Waliporudi wakaigeuza kamera, wakaanza upande wa pili. Ghafla yowe: "Nani kagusa viti?"

Mwenye yowe ni dada mwembamba wa miwani, wanamwita Mkasi. Yeye ndiye atakayekata vipande vya filamu na kuviunganisha, na hapa uani kazi yake ni kulinda kila kitu kibaki vilevile. Nikainua kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilidhani atanila. Akanivuta kando, akanionyesha picha kwenye simu yake. Hiki ndicho kiti cha mbele asubuhi. Hiki ndicho sasa. Akaniambia dakika moja ya filamu inaokotwa siku nzima. Mtu anageuka kushoto saa tatu, na kile anachokitazama kinapigwa saa kumi. Viti vikihama katikati, mtazamaji hatajua ni nini kimeharibika, lakini tumbo lake litajua. "Na tumbo la mtazamaji, mama, ndilo bosi wangu."

Nikaomba radhi. Tukavirudisha kombo, yeye akitazama simu, mimi nikisukuma. Kisha akaniambia sasa mimi ni adui wa filamu, nikae karibu naye anione. Akaniletea na chai! Adui gani anapewa chai ya maziwa?

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kazi yao. Mwongozaji nimempa jina: Bi Tena. Kila kipande kikiisha, hata kikiwa kizuri, anasema "Tena!" vile mimi ninavyosema "Amina."

Jioni likatokea jambo. Mtu wa sauti, mnene, mpole, hedifoni hazimtoki kichwani (nimemwita Masikio), akaomba watu wote wasimame walipo, wanyamaze. Akaenda mpaka karakana kuwasihi mafundi waache nyundo. Wakaacha. Akarekodi kimya. Kimya kitupu! Alikuwa amenieleza kabla: kila mahali pana kimya chake, kimya cha ua si kimya cha jikoni, na yeye anakihitaji kuzibia nyufa baadaye kama mwashi anavyoziba ukuta.

Lakini akakunja uso. Akaanza kutembea na fimbo yake ya maiki, kama mtu anayetafuta mtungi wa gesi unaovuja. Huku, kule. Akaja mpaka mbele ya kinywa changu, akasimama.

"Mama, ni wewe. Unavuja."

Nilikuwa naomba. Mimi penye kimya midomo haikai, naiombea nyumba, naombea waliomo. Sikujua kama inasikika. Watu wakacheka, ila Bi Tena hakucheka. Alinitazama vile fundi cherehani anavyotazama kitambaa. Mwigizaji waliyemleta kuombea jeneza anaomba kama anasoma maelezo ya dawa. Bi Tena akaniambia: kesho utaomba wewe.

Nikakataa. Nikamwambia, mwanangu, mtu akilia kwa kuigiza, sawa, machozi ni yake. Lakini sala ina anayeipokea. Nimwambie Mungu ampumzishe mtu ambaye jioni atapanda basi kurudi kwake? Huo si mchezo, ni kumpigia Mungu simu na kukata.

Akatafuna kalamu. Akafikiri. Kisha akasema: "Basi usiigize. Omba kweli. Sisi tutasikiliza tu mlangoni."

Nimerudi nyumbani na maneno hayo.

Jumatano, 6 Machi, asubuhi

Wakati wa sala nimemwambia Mungu: leo kati ya saa nne na adhuhuri, yatakayotoka kinywani mwangu usiyaandike. Kisha nikaona aibu. Mimi nani nimwambie azime simu?

Nimepata njia. Nitaomba kweli, kwa ajili ya marehemu wangu wa kweli. Ninao. Jeneza liwe la watu wa filamu, maneno yawe ya marehemu wangu, kamera ichukue inachochukua. Sijadanganya mtu.

Jumatano, 6 Machi, jioni

Daftari, shika moyo.

Kwanza nilikutana na maiti. Nimemwita Marehemu na mwenyewe kafurahi. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa jeneza anakula ndizi. Kaniambia amekufa sana maishani mwake: kwa risasi, kwa sumu, kwa mapenzi. Kwa uzee bado, mwili haujakubali. Nikamuuliza, unakufaje, baba? Akanieleza kwa adabu zote, kama profesa. Pumzi inashushwa mgongoni, kifua kisijue. Macho hayafungwi, yanaachwa yajifunge. Na usiifikirie pua. "Ukiifikiria pua tu, mama, umefufuka."

Akajilaza. Wakanisimamisha kichwani pake. Ekshen!

Mara ya kwanza nikamwombea mama yangu. Ikatoka vizuri, mpaka wale wa kukaa vitini wakaitikia Amina bila kuambiwa. Bi Tena: "Tena!"

Mara ya pili nikamwombea baba. Katikati nikasikia krrr. Marehemu kasinzia. Anakoroma ndani ya jeneza! Watu wakavunjika mbavu. Akainuka anaomba msamaha, ati hema langu lina kivuli kitamu mno.

Mara ya tatu nikamwombea mume wangu, sauti ikazama. Masikio akasema taratibu, mama, huyu hajasikika. Nikamwambia aliyetakiwa kusikia kasikia. Mara ya nne, nyundo za karakana. Mara ya tano nikamwombea jirani yetu wa zamani, yule aliyetufundisha kushona. Hapo Mkasi akatupa kalamu chini.

"Mama! Kila mara unamtaja mtu mwingine! Kamera ikiwa mbali mdomo unasema mama, ikiwa karibu unasema jirani. Nitawaunganishaje?"

Nikamwambia, mwanangu, siwezi kumwambia Mungu ampokee mama yangu mara ya pili asubuhi moja. Atauliza, kwani wa kwanza umempeleka wapi?

Wote kicheko. Hata Mkasi. Lakini Bi Tena akanyoosha mkono wakanyamaza. Akasema mwacheni, mdomo wake msiuguse, Mkasi atajua la kufanya. Mkasi akainua mikono juu kama aliyeporwa. Kisha Bi Tena akaja karibu, akaninong'oneza: "Mara moja tu, mama. Ya mwisho."

Nikasimama. Marehemu wangu waliokuwa karibu na ulimi walikuwa wamekwisha. Nikafumba macho. Kimya. Na humo kimyani nikaisikia tena ile krrr, ndogo mno, sidhani kama kuna mwingine aliyeisikia. Na mdomo wangu, mimi mwenyewe bado sijauruhusu, ukasema:

"Na ndugu yangu Kijiti, Mungu wangu. Mpumzishe. Amechoka kuchekesha watu."

Nikalia. Nililia, daftari! Hakuna aliyesema kata. Marehemu kafumbua jicho moja ananitazama kwa huruma. Bi Tena kaziba mdomo kwa kiganja. Na kwa mara ya kwanza hakusema "Tena".

Nimepakia viti vyangu nikaondoka bila kuaga vizuri.

Alhamisi, 7 Machi

Kijiti hajafa.

Kijiti ni mdogo wangu wa mwisho. Nilimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inaburuta. Ni mshereheshaji wa harusi na sherehe, maiki ndiyo jembe lake, na hilo jina la nyumbani ndilo analofanyia kazi. Liko kwenye kadi, kwenye mabango, na watoto wa barabarani wanalijua.

Hatuzungumzi tangu harusi ya binti yangu. Baba wa watoto alikuwa hajatimiza hata mwaka kaburini. Kijiti akashika maiki. Akaanza kumwigiza shemeji yake anavyosinzia kwenye sala, kichwa kinavyoanguka, anavyokoroma, anavyoshtuka na kusema Amina kabla ya wakati. Ukumbi mzima hoi. Nikainuka nitoke nje. Naye, kwa maiki, kwa sauti ile ile ya furaha: "Msijali, jamani, dada yangu kaenda kumwamsha!"

Walicheka. Wote. Nilikuwa mlangoni, nimewapa mgongo.

Alipiga simu baada ya hapo, sikupokea. Nilipopiga mimi, hakupokea yeye. Tukawa sare. Na sare ikakaa.

Sasa jana nimemwombea kama maiti. Mbele ya kamera.

Jumapili, 10 Machi

Nilidhani litapita. Wapi!

Bi Tena kanipigia nikitoka kwenye ibada. Furaha tupu! Ati ile ya mwisho ndiyo moyo wa filamu. Ati ameitazama mara nyingi na kila mara nywele zinamsimama. Wataiweka kwenye trela, ile filamu fupi ya kuwaonjesha watu, na trela itaingia kwenye simu za watu Jumamosi hii.

Nikamwambia aitoe. Akauliza kwa nini. Nikamweleza pale pale barabarani, na mwavuli mkononi. Nilimsikia akivuta kiti. Kisha akasema, Kijiti yule mshereheshaji? Alisherehesha harusi ya kaka yangu! Kama yeye kalijua jina, nani hatalijua? Dada yake kamwombea kifo, tena hadharani. Hivyo ndivyo watakavyosema, na hivyo ndivyo atakavyosikia.

Bi Tena kaniomba nisiamue kwanza. Niende Jumanne kwa Mkasi nitazame kwa macho yangu. Mwisho wa kubadilisha chochote ni Ijumaa adhuhuri.

Mchana kaja binti yangu na mume wake. Nikamwambia. Akacheka kwanza, nikamkazia macho, akaacha. Kisha akatazama sahani yake, akasema, mama, usikasirike. Mjomba hunipigia kila mwezi. Huuliza kama bado unanyanyua viti mwenyewe. Humwambia mume wangu aje akusaidie kupakia.

Kumbe! Na mimi namsifu mkwe wangu kwa moyo wake mwema! Mkwe kajifanya anatafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yake.

Sikukasirika. Nimeosha vyombo mara mbili.

Jumanne, 12 Machi

Chumba cha Mkasi kiko juu ya duka la vifaa vya shule. Kidogo, kuta zimefunikwa mablanketi, feni imezimwa kwa sababu ya kelele. Alikuwepo yeye na Masikio, jasho linawatiririka kama wako jikoni. Vioo viwili vikubwa vya kompyuta. Na katika vyote viwili — mimi! Nimefumba macho, kitambaa cha kichwa kimelala upande. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kitambaa kimelala upande! Mkasi akasema aliona, na aliomba kisinyooshwe.

Nikawaambia, toeni jina tu, basi. Si mna mkasi?

Mkasi akatabasamu. Jina halikai peke yake kama kiti, mama. Nikilivuta linakuja na pumzi ya mbele na pumzi ya nyuma. Lakini tujaribu.

Tukajaribu kikohozi. Masikio ana vikohozi kwenye kompyuta yake, sikuamini. Cha mzee, cha mvutaji, cha mtu mwenye aibu. Akaweka cha mzee juu ya jina. Ikawa kama kuna mtu pale msibani ananikejeli. Akaweka cha aibu. Mbaya zaidi! Tulicheka mpaka mwenye duka la chini akagonga dari kwa ufagio.

Tukajaribu njia nyingine. Ati nitazame mdomo wangu kwenye kioo, na kwa wakati uleule niseme jina jingine kwenye maiki, watalibandika. Nikasema "mume wangu". Mdomo wa kwenye kioo ukamaliza kabla yangu. Nikasema "mama". Ukachelewa. Nikasema "rafiki". Haukufanana. Masikio ananitia moyo kama mtu anayemfundisha mwenzake baiskeli: karibu, mama, karibu kabisa. Mara ya mwisho sikufikiri, nikafumbua tu mdomo, na vikaenda pamoja, mdomo wa kule na wa huku, sawasawa kabisa. Nikasikia hedifonini nilichokuwa nimesema. Kijiti.

Masikio akainama kurekebisha waya ambao haukuwa na tatizo.

Ndipo Mkasi akasema, mama, kuna kitu nataka nikuulize. Akairudisha nyuma, akaipeleka polepole, kidogo kidogo, uso wangu ukawa unasogea kama maji mazito. Akasimamisha. "Hapa. Kabla ya jina. Hapa ulikuwa unacheka nini?"

Nikasema sikucheka. Akanionyesha tena. Daftari, nilicheka! Ni pale niliposikia krrr. Pembe ya mdomo imepanda, shavu limejaa. Ni kicheko kile cha kanisani, cha kubana. Sikujua. Nilikaa na hasira yangu miaka yote hii nikiilisha na kuinywesha, kumbe yenyewe ilishaniacha ikaenda.

Masikio akasema na yeye aliisikia ile krrr, alidhani ni karakana, atausafisha mkoromo wote. Nikamwambia auache kwanza.

Kisha Mkasi akanifanyia mchezo. Akachukua uso wangu uleule, akaweka jeneza baada yake. Nikaona mwanamke aliyefiwa. Akaondoa jeneza, akaweka lango la chuma, lile lililopauka, limefungwa, hakuna mtu. Uso uleule! Hakubadilisha hata kope. Nikaona mwanamke anayemngoja mtu. Akaniambia hiyo ndiyo siri yote ya kazi yake: uso peke yake hausemi, unangoja kuambiwa ni nini kinafuata.

Nikauliza, na kwenye filamu mtaweka nini? Akasema hilo ni lake na Bi Tena, wanagombana kila siku na wanapenda kugombana.

Bi Tena nilimkuta kwenye ngazi anapanda, mkononi soda za watu wake. Alinipa yangu. Akaniambia bila kuzunguka: nikisema litoke, litatoka, pamoja na kipande chote. Filamu itatembea bila hicho. Itachechemea, lakini itatembea. "Ila usiniambie mimi kwanza, mama. Mwambie mwenye jina."

Jumatano, 13 Machi

Nimepeleka viti kwenye harusi. Mshereheshaji alikuwa kijana mmoja hivi, anafoka kwenye maiki, mizaha imelala doro. Nikajikuta nasema moyoni, hapa Kijiti angefanya hivi. Hapa angenyamaza kwanza, awaache wangoje. Nimesimama nyuma ya hema nasahihisha kazi ya mtu!

Nimeomba. Sijapewa jibu, nimepewa usingizi. Si haba.

Alhamisi, 14 Machi

Kesho adhuhuri.

Binti yangu kaja kunisaidia kuandika ujumbe. Nikaanza: "Ndugu, unataarifiwa kuwa jina lako limetumika." Kasema mama, hiyo ni barua ya mahakama, mjomba atatafuta wakili. Nikaandika nyingine: "Nisamehe kwa usumbufu." Kasema hiyo ni ya watu wa umeme. Nikamfukuza jikoni akapike.

Kumpigia siwezi. Sauti yangu naijua, itanikimbia, na Masikio hayupo wa kuirudisha.

Basi naandika hapa kwanza, kwako, daftari, maana kwenye simu vidole vinaniponyoka. Kisha nitanakili kama kilivyo, kabla sijapata muda wa kukinyoosha.

Mdogo wangu Kijiti,

Hujambo? Watoto hawajambo? Usishtuke kuona namba yangu, hakuna aliyekufa. Ila wewe, kidogo.

Wiki iliyopita nilipeleka viti kwa watu wa filamu, wakaniomba niombee jeneza la kuigiza. Sikutaka kumdanganya Mungu, kwa hiyo niliwaombea marehemu wetu, mmoja mmoja. Wao wanarudiarudia kila kitu. Marehemu wakaisha, ukatoka wewe. Sikukuombea ufe. Nilikuombea upumzike, na ukikumbuka vizuri hata mama alikuombea hivyo hivyo kila ulipokuwa hutulii mezani.

Jumamosi wataitoa kwenye simu za watu, na jina lako limo, linasikika vizuri kabisa. Sitaki ulisikie kwa wapita njia. Wanaweza kulikata. Wamesema nikitoa neno tu watalikata, nami nimeshindwa kulitoa peke yangu, kwa sababu jina si langu.

Kuna jingine. Yule maiti wao alikoroma, Kijiti. Alikoroma vile ulivyokoroma wewe ukumbini, na mimi nilicheka. Wamenionyesha, siwezi kukataa. Ile ya kumwamsha bado sijakusamehe, hiyo tutaizungumza tumekaa, macho kwa macho, na utanisikiliza mpaka nimalize. Lakini ile ya kukoroma ilikuwa shemeji yako mtupu. Tangu aondoke hakuna aliyenirudishia sauti yake ila wewe.

Sema liachwe au litolewe. Mhariri ananingoja hadi kesho adhuhuri. Na kama la jina huna jibu, basi niambie habari za afya yako tu, au kwamba umesoma. Lakini nijibu upesi, mdogo wangu.